Nguzo Nyeupe Nyuma ya Jiko

Kazi yangu ni kuchora mstari. Watu wakisikia niko kitengo cha kamera za pwani hudhani ninakaa na darubini shingoni nikiokoa meli. Kumbe ninakaa kwenye kiti kilichochanika, mbele ya skrini yenye alama za vidole, nachora mstari pale maji yanapoishia na nchi kavu inapoanzia. Kesho yake nachora tena. Ofisini wananiita Bi Mstari, na jina hilo limeshanikaa. Nguvu ya kulikasirikia iliniishia zamani.

Kamera yenyewe iko juu ya mlingoti wa chuma, kwenye kilima kidogo, inaangalia ufuo uleule mchana kutwa bila kugeuka. Haitumi video, maana kifurushi cha intaneti tunachonunuliwa ni cha kuonea aibu. Inapiga picha mfululizo kwa dakika kumi, inazichanganya hukohuko juu, halafu inatutumia moja tu, kila nusu saa. Tunaiita picha ya wastani. Sifa yake ni kwamba kila kinachotikisika kinafutika. Mawimbi yanabaki ukungu mweupe. Mbwa, baiskeli, wapita njia, wote wanapotea, utadhani hakuna aliyepita. Kinachobaki ni kile kilichotulia.

Ndiyo maana baba yangu alikuwa anaonekana.

Baba alikuwa mwashi. Nyumba aliyoijenga kwa mikono yake mwenyewe ni ya mwisho kwenye safu ya nyumba zilizo juu ya ukingo, jiko lake likitazama maji. Alasiri huketi nje ya jiko hilo, juu ya tofali la saruji lililobaki siku za ujenzi, na akiketi ameketi. Hajikuni, hafukuzi nzi. Dakika kumi kwake si kitu. Kwenye picha alikuwa anatokea kama doa jeusi pembeni ya jiko, na wenzangu wakanizoea: "Bi Mstari, mzee keshaingia kazini." Nami nikiliona lile doa, simpigii simu. Nilijiambia, yupo, mzima, simu ya nini? Mtu aliyechoka hakosi sababu.

Sasa, kamera haijui umbali. Ili picha ilale sawasawa juu ya ramani, lazima kompyuta ioneshwe vitu ambavyo mahali pake panajulikana kwa kipimo. Hiyo ndiyo kazi ya nguzo zetu nyeupe. Zamani zilikuwa sita. Nyingine zimechukuliwa na maji, moja imezibwa na bango la matangazo, na sasa zimebaki tatu. Kompyuta ikiwa na nguzo tatu tu haina ubavu wa kubishana. Inameza inachopewa.

Moja ya hizo tatu iko nyuma ya jiko la baba. Ilipopandwa, mama alikuwa hai. Siku hiyohiyo alifunga kamba kutoka kwenye nguzo ya serikali hadi dirisha la jiko, akaanika mashuka mawili ya kitanda kikubwa, moja likifuata jingine, na nafasi ya foronya ikabaki. Akamwambia mpima ardhi, "Mmenipandia mti wa kuanikia, Mungu awabariki." Mpima ardhi akacheka, akaandika vipimo vyake, akaenda zake.

Utaratibu unasema nguzo zikaguliwe kila mwaka kwa vifaa. Utaratibu haukusema gari la ofisi litakuwa juu ya mawe, halina hata tairi. Kwa hiyo ukaguzi wa nguzo ile tukaufanya kwa simu, na Mkuu wetu aliupenda sana ubunifu huo. Nilikuwa nampigia baba na kumuuliza, "Baba, nguzo ipo?"

"Ipo."

"Imesimama?"

"Imesimama wima. Nimeipaka chokaa juzi. Kwani nani kasema haipo?"

"Hakuna, Baba. Asante." Halafu naweka alama ya vema, mambo yanaendelea.

Na ajabu, ukingo wa pale haukusogea. Kushoto kwake maji yalikula minazi, yakala choo cha soko, yakala nusu ya uwanja wa mpira. Kwenye safu ya kina baba, mstari wangu ulikaa palepale mwaka baada ya mwaka. Tulijadiliana tukakubaliana kwamba chini kutakuwa na mwamba. Hakuna aliyekwenda kuuona. Nikauandika kwenye ripoti, Mkuu akaisaini, na ramani ya hatari ikapakwa kijani pale. Mshonaji anayeishi jirani na baba aliiona rangi hiyo kwenye mkutano, akaenda kuongeza chumba cha cherehani zake, upande uleule wa maji.

Wiki ile ya maji ya bamvua, bahari inapojaa kupita siku zote, fundi wa kamera alikwenda kufuta chumvi kwenye kioo. Tunamwita Paka, kwa sababu hupanda mlingoti bila ngazi na hushuka kwa lawama. Alipomaliza alipita kumsalimia baba, na ili kujipendekeza kwangu akampiga picha kwa simu yake, akanitumia. *Dada, mzee wako huyu hapa, anasema umemsusa.*

Nilikuwa nakula karanga. Niliitazama ile picha nikitabasamu. Baba amesimama nyuma ya jiko, amevua kofia, mkono mmoja ameuweka juu ya nguzo kama mtu anayepiga picha na mwanawe siku ya mahafali. Nguzo nyeupe, safi, wima. Kamba ya mama bado imefungwa. Kwenye kamba limeanikwa taulo la kunawia, na lile taulo peke yake limeijaza kamba nzima, ileile iliyobeba mashuka mawili.

Karanga zikanikwama kooni. Nilipiga simu hata kabla sijakohoa vizuri.

"Baba, shikamoo. Ile nguzo imesogea?"

"Marahaba, mama. Haijasogea. Imesogezwa."

"Imesogezwa na nani?"

"Na mimi, nani mwingine? Ulitaka ianguke? Si uliniambia niitunze?"

Nilifumba macho. "Mara ngapi, Baba?"

"Kila udongo ukianza kuvunjika karibu yake. Naing'oa kabla haijalala, naisogeza huku ndani kidogo, namwaga zege jipya. Na nilitumia timazi, usiwe na wasiwasi. Imenyooka kuliko walivyoipanda wale vijana wenu." Alikuwa anasubiri sifa. "Nilisema wakija wakakuta nguzo ya serikali imeanguka kwangu, watakufukuza kazi."

Miaka yote hiyo nilimuuliza kama nguzo imesimama, naye akahakikisha imesimama. Kompyuta ilikuwa inaivuta picha nzima kuelekea baharini ili nguzo ikae pale ilipoambiwa inakaa, na ukingo ukavutwa pamoja nayo. Mwamba wetu ulikuwa baba na zege lake.

Nilimwomba Paka, kabla hajaondoka, apime kwa futi kutoka katikati ya barabara hadi kwenye nguzo. Alipima, akanisomea, akauliza kama asome tena. Nikaingiza kipimo kile, nikailaza picha upya, nikachora mstari. Ukingo haukuwa nyuma ya jiko tena. Ulipita chini ya jiko lenyewe, na chumba kipya cha mshonaji kilikuwa kimening'inia juu ya hewa na udongo mchanga usiofaa hata kufinyanga chungu. Na maji makubwa kuliko yote ya bamvua lile yalikuwa yanatarajiwa keshokutwa asubuhi.

Mkuu alinisikiliza akiwa ameshika kikombe cha chai mdomoni bila kunywa. "Ripoti imeshakwenda," alisema.

"Najua imekwenda. Nimeiandika mimi."

"Ukibadilisha rangi ya eneo, lazima kamati ikae."

"Kamati ikae wapi, Mkuu? Ikakae jikoni kwa baba yangu?"

Nilisema kwa sauti ambayo sikuwa nimeipanga. Karani aliinua kichwa, akakirudisha. Mkuu si mtu mbaya. Amechoka kama mimi, tofauti ni kwamba yeye ana mlango wa kufunga. Aliweka kikombe chini na kusugua uso wake kwa viganja. "Nenda ukawatoe watu," alisema mwishowe. "Nitamwomba ofisa wa barabara afunge njia ya ufuoni. Lakini asubuhi ya maji lazima uwe hapa kwenye skrini. Huyo bwana hafungi barabara mpaka apate mstari mpya kila nusu saa, na hakuna mwingine anayejua kuuchora. Zaidi ya nyumba ya baba yako kuna watu wengine."

Nilifika kesho yake mchana, nguo zimenigandia mwilini. Nilianza kwa mshonaji kwa sababu nilikuwa namwogopa zaidi. Alinisikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mkono wa gauni.

"Wewe si ndiye uliyesimama pale mkutanoni ukasema kijani?"

"Ni mimi, dada."

"Ukasema tulale usingizi."

"Nilisema."

"Sawa." Aligeuka na kuita wanawe, wakaanza kubeba cherehani kuvuka barabara, kwa dada yake. Hakunitukana. Ningefurahi kama angenitukana. Alipopita na cherehani ya mwisho kichwani alisema tu, "Sogea njiani."

Baba alikuwa juu ya tofali lake. Nilichuchumaa mbele yake, nikaanza kumweleza taratibu, kwa maneno mazuri niliyoyaandaa njiani. Nilimweleza kamera inavyofanya kazi na ramani inavyokaa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanionesha ukuta wa jiko.

"Unaona ufa?"

"Sioni."

"Basi. Nyumba inayotaka kuanguka huwa inasema. Hii haijasema kitu. Msingi wake nimeuchimba mimi, mpaka kifuani. Mama yako alikuwa ananiletea maji ya kunywa, ananiuliza kama natafuta mafuta."

"Baba, msingi hauna shida. Udongo uliobeba msingi ndio umekwisha."

"Mbona muda wote mlisema pazima?"

Nilikuwa nimechoka. Sisemi hivyo kujitetea. Nilikuwa sijala tangu asubuhi, mshonaji alikuwa ameninyamazia, na mzee huyu wangu alikuwa ananiuliza swali la haki kwa sauti ya haki. Hasira ikanipanda. Maneno mazuri yote yakaniishia.

"Kwa sababu wewe ulikuwa unaisogeza nguzo! Kila ulipoisogeza, ulituficha ukweli. Watu wote hapa wamelala juu ya shimo kwa sababu ya zege lako!"

Alinitazama, halafu akaitazama nguzo, halafu akatazama chumba kipya cha mshonaji ambacho sasa kilikuwa kitupu, mlango wazi. Nilimwona anahesabu moyoni, kama anavyohesabu matofali. Midomo ilikuwa inacheza kidogo.

"Hata yule mama kajenga kwa sababu yangu," alisema.

"Baba, sikumaanisha hivyo."

"Umemaanisha, na ni kweli." Alijipangusa magoti ingawa hayakuwa na vumbi. "Mimi nilidhani nakusaidia kazi."

Nilitamani ardhi inimeze, na pale haikuwa mbali kufanya hivyo. Nilimshika mkono. Mkono wa baba ni mgumu, ngozi imekauka kwa saruji mpaka leo, na sikumbuki mara ya mwisho nilipoushika kwa zaidi ya salamu. Nikamwambia twende kwangu, chumba kipo, ngazi si nyingi. Akasema hapana, atavuka barabara tu, atakaa kwa dada wa mshonaji pamoja na majirani, lakini asubuhi, baada ya kufunga vitu vyake. Nikamwambia usiku huu. Akasema asubuhi na mapema, kabla maji hayajaanza kupanda. Nikamwambia aape. Akanitazama vile alivyokuwa akinitazama nikiwa mdogo nikiuliza kama nyoka yupo chini ya kitanda.

"Nimesema nitatoka, mama. Nenda kachore mstari wako."

Nikaenda. Sijui kama nilifanya vizuri. Nililala macho wazi kwenye kochi la nyumbani kwangu, nikaingia ofisini kabla ya mfagiaji.

Picha ya kwanza ilikuwa giza na ukungu. Ya pili ilionesha maji yamefika mguuni mwa ukingo. Nikachora mstari, nikautuma kwa ofisa wa barabara, naye akajibu kwa kidole gumba. Nikampigia baba. Simu ikaita mpaka ikakata. Nikamwambia moyo wangu kwamba baba simu yake huiacha jikoni kwenye chaji, ndivyo alivyo, ukimpigia lazima uanze na kusubiri. Halafu nikasikia nilichojiambia. Jikoni.

Nikampigia mshonaji, namba haipatikani. Nikampigia Paka, akasema mtandao wa kule umeelemewa, atakwenda na pikipiki, lakini barabara ishafungwa. Niliifunga mimi. Nikarudi kumpigia baba. Inaita. Mkuu aliingia, akanitazama, akavuta kiti akakaa karibu yangu, na chai yake hakuigusa.

Picha ya tatu ikaja. Jiko lipo. Nguzo ipo. Kwenye tofali hakuna mtu, na tofali lenyewe silioni, labda povu limelifunika. Doa hakuna. Na mtu anayekwenda huku na huku akifunga mizigo ndani ya nyumba haonekani kwenye picha ya wastani. Mtu aliyelala ndani haonekani. Mtu aliyetoka na kuzungukazunguka barabarani haonekani. Nilikuwa na chombo cha serikali cha bei mbaya kinachotazama nyumba ya baba yangu, na hakikuweza kuniambia kama baba yumo.

"Chora," Mkuu alisema polepole. "Ofisa anasubiri."

Nikachora. Nikatuma. Nikapiga simu. Safari hii haikuita kabisa.

Nusu saa ile sitaki kuieleza. Nilikwenda chooni nikarudi bila kufanya kilichonipeleka. Nilizisoma zile alama za vidole kwenye skrini. Nilimwomba Mungu, na kwa kuwa huwa nimeadimika kwake, nilianza kwa kujitambulisha.

Picha ilifunguka kutoka juu kwenda chini, taratibu, kama kawaida ya mtandao wetu. Bahari. Ukungu wa mawimbi. Paa la baba. Ila paa lilikuwa jepesi, ungeweza kuona maji nyuma yake. Ukuta wa jiko ulikuwa moshi. Dirisha lilikuwa kivuli cha dirisha. Nyumba nzima ilikuwa ipo na haipo, na mimi nilielewa mara moja kwa sababu kuelewa picha hizi ndiyo kazi yangu. Ndani ya dakika zile kumi nyumba ilisimama kwa muda, halafu muda uliobaki haikuwepo, na kamera ikagawanya.

Mkuu alisema, "Mungu wangu."

Picha ikaendelea kushuka. Barabara. Ng'ambo ya barabara, ukuta wa nyumba ya dada wa mshonaji. Na mbele ya ukuta ule, juu ya kitu cha mraba, kulikuwa na doa.

Doa jeusi, zima, lenye kingo kali. Halikuwa moshi hata kidogo. Nililikuza mpaka likawa vipande vya rangi, nikalirudisha. Alikuwa amevuka barabara na tofali lake. Vitu vyote vya nyumba ile ameviacha, amebeba tofali, ameliweka chini, ameketi akielekea nyumbani kwake. Na nyumba ile ilipoondoka mbele ya macho yake, ile aliyochimba msingi wake mpaka kifuani, baba yangu hakutikisika. Angenyanyuka, angejishika kichwa, angepiga hatua moja tu kwenda kwake, nisingemwona.

Nililia mbele ya Mkuu, na sikuona haya. Alinipa karatasi za printa nifutie uso, kwa kuwa ndizo zilizokuwepo.

Simu ilikuja baadaye sana, kwa namba nisiyoijua. Nyuma yake nilisikia cherehani ikilia, mshonaji keshaanza kazi.

"Mama," baba alisema. "Umeona?"

"Nimeona, Baba. Mbona hukupokea simu?"

"Simu ilikuwa jikoni."

Nikacheka, kilio kikaja humohumo. Akanisubiri nimalize.

"Nguzo yenu imekwenda na maji," alisema.

"Najua, Baba."

"Nilifika karibu yake asubuhi, nikaiona inalala. Zege lilikuwa limebaki la kutosha." Alikohoa kidogo. "Sikuigusa."